KAPKOROS KABLA YA KIWANDA CHA CHAI



Ukitaja Kapkoros leo hapa Bomet, wengi wetu tunawaza kiwanda cha chai. Tunawaza lori la majani, malipo ya mwezi na bonasi. Lakini mpendwa, jina hilo ni la zamani kuliko chai. Makampuni ya Waingereza yalianza mashamba makubwa ya chai Kericho katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo, wazee wetu Wakipsigis waliita kapkoros mahali walipokutana kumwabudu Mungu. Watu walikusanyika, moto ukawashwa, wakaimba, wakaomba mvua, watoto, mifugo na amani. Sanamu ya Mungu hapakuwa nayo.

Nyumbani nako, upande wa mashariki wa nyumba, palisimama mabwaita, madhabahu ya familia iliyojengwa kwa miti na matawi. Alfajiri mzee alitoka nje, akaelekea jua linapochomoza, akaomba. Mungu walimwita Asis, na jua linaitwa asista. Walimwita pia Cheptalel.

Sasa swali: je, waliabudu jua?

Mwaka wa 1909, A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya ndugu zetu Wanandi. Aliandika kwamba mungu wao mkuu ni Asista, yaani jua. Miaka 60 baadaye, mwaka wa 1969, mwanatheolojia wetu kutoka Ukambani, John Mbiti, alitoa tahadhari katika kitabu chake. Alisema jamii nyingi za Afrika hutumia neno moja, au maneno yanayokaribiana, kwa Mungu na kwa jua, lakini hakuna ushahidi wa wazi kwamba watu walidhani jua lenyewe ndilo Mungu.

Mimi nilikuwa upande wa Hollis, na ninaungama leo. Nilipotoka chuo cha Biblia, nilikuwa moto sana. Kogo, nyanya yangu, alikuwa amebatizwa miaka mingi kabla sijazaliwa, lakini kila asubuhi alisimama mlangoni akitazama mashariki, kimya. Nikamkemea. Nikamwambia aache kuabudu jua. Aliniangalia kwa muda, akaniuliza, "Na wewe ukifumba macho kuomba, unaabudu giza?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda zangu nikiwa nimekasirika. Alilala katika Bwana kabla sijamwomba msamaha.

Mpendwa, usinisikie vibaya. Sisemi turudi kwenye mabwaita. Paulo alipofika Athene, Matendo 17, hakuanza kwa matusi. Alianza na madhabahu waliyoijenga kwa Mungu wasiyemjua. Lakini hakuishia hapo. Aliwahubiria Yesu na ufufuo. Vivyo hivyo ninamshukuru Mungu kwa walioleta Injili kwetu, watu kama Willis Hotchkiss aliyekuja mwanzoni mwa karne ya 20, nchi yetu ikiitwa Lumbwa, na wale walioanzisha kazi ya Tenwek katika miaka ya 1930. Wazee wetu walijua kwamba Mungu yupo juu. Hawakujua kwamba alishuka, akawa mtu, akafa kwa ajili yao. Habari hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Lakini kuna kitu wazee walikuwa nacho, na sisi tumekiangusha njiani. Walimwogopa Mungu. Walijua kwamba wanayesema naye ni mkubwa kuliko maneno yao.

Sisi leo tumewasha spika, tumepandisha sauti, na tunampangia Mungu siku ya kutujibu. Tunaomba bonasi kana kwamba Yeye ni karani wa malipo. Mama akifiwa na mtoto, mchungaji ana maelezo tayari kabla machozi hayajakauka. Kila kitu tunajua! Mungu tunayeweza kumweleza chote, huyo ni mdogo kuliko sisi.

Mtu atasema, "Pastor, siri imefunuliwa katika Kristo." Kweli, Amina! Lakini mwangalie Yohana. Alikula na Yesu. Aliegemea kifuani pake. Kama kuna mtu aliyemjua, ni huyo. Lakini kule Patmo, Ufunuo 1:17, alipomwona katika utukufu wake, alianguka miguuni pake kama mtu aliyekufa. Kumjua Yesu kwa karibu hakukuondoa hofu yake. Na Paulo, baada ya kufundisha neema maisha yake yote, bado alimwandikia Timotheo (1 Timotheo 6:16) kwamba Mungu anakaa katika nuru isiyokaribiwa.

Basi kazi ya wiki hii ni ndogo. Asubuhi moja, kabla hujaenda kuchuma majani, ukungu ukiwa bado juu ya chai, toka nje. Usiombe kitu. Usitaje bonasi, karo wala deni. Simama dakika tano mbele za Mungu na Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, unyamaze. Mimi nitakuwa mlangoni pangu, nimeelekea mashariki, nikimkumbuka kogo.

Tuombe: Baba, utusamehe kwa kukufanya mdogo. Asante kwa kujifunua kwetu katika Mwanao. Turudishie hofu yako katika nyumba yako. Katika jina la Yesu, Amina.

Ubarikiwe. Tuonane Jumapili.