Mawe ya Valongo

Mgeni afikapo Rio de Janeiro, kwanza huinua macho. Juu ya mlima wa Corcovado imesimama sanamu ya Kristo, yenye urefu wa mita 30, iliyozinduliwa mwaka 1931, imeukunjulia mji mikono. Mdomoni mwa ghuba upo mlima wa jabali uitwao Mkate wa Sukari, ambako tangu mwaka 1912 watu hupandishwa kwa gari linaloning'inia kwenye kamba za chuma. Macho hushiba. Lakini atakaye kuujua mji huu hana budi kushuka hadi bandarini, akatazama chini ya nyayo zake.

Huko, mahali paitwapo Valongo, pana shimo lililoachwa wazi, na ndani yake mawe ya kila umbo yaliyopangwa kwa haraka. Hiyo ni sakafu ya gati iliyojengwa mwaka 1811 ili kuwapokea Waafrika waliotiwa utumwani. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 900,000 walishushwa Valongo. Wengi walitoka Kongo na Angola. Wengine, hasa katika miaka ya 1820, walipakiwa Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo Bahari ya Hindi nayo ina wana wake waliokanyaga mawe yale. Waliovuka katika merikebu moja waliitana malungo, na udugu huo, uliozaliwa tumboni mwa chombo, ulidumu nchi kavu.

Mwaka 1831 sheria iliipiga marufuku biashara hiyo, ingawa magendo yaliendelea. Mwaka 1843 mji ukawa unamngojea bibi harusi: Teresa Cristina wa Napoli, mke wa Mfalme Pedro II. Haikufaa akanyage pale walipokanyaga watumwa. Gati ikafunikwa kwa mawe mapya yaliyochongwa vizuri, ikapewa jina la Gati ya Malkia. Mwaka 1911 hata hiyo ikafukiwa kwa udongo, pakawa uwanja. Mara ya kwanza aibu ilifunikwa kwa harusi. Mara ya pili kwa maendeleo.

Wahenga walisema: mficha maradhi, mauti humuumbua. Mwaka 1996, si mbali na hapo, watu waliokuwa wakitengeneza nyumba yao walichimba, wakakuta mifupa ya binadamu. Walikuwa juu ya makaburi ya "weusi wapya", waliokufa mara baada ya kufika, kabla ya kuuzwa. Hadi mwaka 1830 walitupwa humo bila ya sanda, pamoja na taka. Leo nyumba ile ni mahali pa kumbukumbu na utafiti.

Hatua chache kutoka gatini lipo Jiwe la Chumvi, Pedra do Sal, ambapo watumwa walishusha chumvi na ambapo baadaye makuli na wahamiaji kutoka Bahia walikusanyika kwa ngoma. Kutoka jamii hiyo alitokea Tia Ciata, aliyezaliwa mwaka 1854, muuza vitamu na mtu wa ibada, ambaye nyumba yake ilikuwa makutano ya wapigaji samba. Waliofukiwa jina hawakufukiwa sauti.

Mwaka 2011 mji ulikuwa tena unajipamba kwa wageni, wa Olimpiki ya mwaka 2016. Safari hii, wafanyakazi walipochimba bandarini, gati ikatokeza. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

 Asimamaye leo ukingoni huziona sakafu zote mbili kwa mtazamo mmoja: juu, mawe laini ya malkia; chini, yale ya watumwa. Na yale ya chini ndiyo yaliyoyabeba ya juu.