Themostati ya gari kuukuu si ya kutupwa

GARI kuukuu linapochemsha katika barabara za Musoma, Bunda na Butiama, wapo mafundi wanaong'oa themostati na kuitupa, wakiamini kuwa nchi za joto haziihitaji. Hilo si tiba.

Kifaa hicho huyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake, mara nyingi nyuzi 82 hivi, kisha hufunguka. Kikiondolewa, injini hukaa baridi, hutumia mafuta mengi na kuchakaa mapema. Katika baadhi ya injini, maji ya moto huzunguka bila kupitia rejeta, na gari huzidi kuchemsha.

Wakati wa kuibadilisha, injini ipoe kabisa, maji yamwagwe, ndipo boliti zifunguliwe. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote. Themostati mpya ijaribiwe katika sufuria ya maji ya moto, isipofunguka, haifai. Springi ielekezwe upande wa injini, gasketi iwe mpya, boliti zikazwe kwa zamu.

Mfuniko wa rejeta nao ukaguliwe. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huko huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko unaobana vema hukipandisha kiwango hicho.

Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Gari hilo lisiendeshwe hadi hedi ifunguliwe na kupimwa kama haikupinda.