Alamu ya 1984 Inayoamsha Kompyuta za Leo

Kompyuta ya IBM PC ilipoingia sokoni mwaka 1981, haikuwa na saa ya kudumu. Kila ilipowashwa, mfumo endeshi wake, DOS, ulimuuliza mtumiaji tarehe na saa. Aliyeona uvivu akabonyeza Enter tu, faili zake ziliandikwa kana kwamba ni 1 Januari 1980.

Dawa ilikuja mwaka 1984 na modeli ya AT, iliyobeba chipu ya Motorola MC146818. Betri ndogo iliifanya ihesabu muda hata umeme ukikatika, ikifuata kioo cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Baiti zake zilikuwa 64: 14 za saa, kalenda, alamu na udhibiti, na 50 za kuhifadhi kumbukumbu nyingine.

Alamu hiyo ilijua saa, dakika na sekunde tu, siku haikuijua. Wakati huo halikuwa tatizo, kwani AT haikuwa na usingizi: ama iko macho, ama imezimwa.

Mambo yalibadilika kompyuta za mapajani zilipoanza kubana matumizi ya betri. Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa ACPI, kanuni za kusimamia matumizi ya umeme, zilizoruhusu alamu kuwekewa pia siku na mwezi, na kuweka alama ya kuonyesha kuwa aliyeamsha mashine ni saa.

Hapo ndipo kazi ya programu ilipoongezeka. Alamu ikilia, prosesa imelala na hakuna wa kuipokea. Mashine ikishaamka, mfumo endeshi husoma rejista C ya chipu, mojawapo ya baiti zake za udhibiti, na kule kusoma kwenyewe ndiko kunakofuta alama ya mlio. Usiposoma, alamu inayofuata haitasikika. Kisha hulinganisha muda uliopangwa na muda uliopo: kama umeshapita, programu iliyoomba kuamshwa huarifiwa, na alamu huzimwa. Ikiachwa wazi bila siku, kompyuta iliyo ndani ya begi itaamka tena kesho saa ile ile.

Chipu yenyewe ilishamezwa na chipu kubwa zaidi, lakini mpangilio wa rejista zake umebaki katika kompyuta nyingi, kwa sababu kuubadilisha kungevunja programu zilizokwisha kuandikwa. Ndiyo maana baadhi ya mapengo yaliyoachwa mwaka 1984 huzibwa kwa programu.