Nyeupe Si Moja: Historia Fupi ya Rangi ya Hiace Kuukuu

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze juu ya rangi ya gari. Najua kuna msomaji atakayeuliza, sasa rangi na kompyuta wapi na wapi? Subiri kidogo, tutafika huko.

Mjomba wangu ana Toyota Hiace ya zamani. Kwa miaka mingi gari hilo lilikuwa matatu ya kwenda na kurudi kati ya Kitui na Machakos, kabla yeye hajalinunua na kulipeleka Wote, Makueni. Sasa anataka kuliuza, maana karo ya chuo ya binti yake haingoji. Tatizo ni mkwaruzo mrefu ubavuni, ulioingia hadi kwenye bati. Mnunuzi wa gari kuukuu akiona kiraka cha rangi kisichofanana na pengine, kichwani mwake anasoma neno moja tu: ajali. Bei inashuka hapo hapo, hata kama gari halijawahi kugonga kuku. Kwa hiyo kazi ilikuwa kutafuta rangi inayolingana.

Ungedhani ni kazi nyepesi. Kibati cha kiwandani kinasema 040, ambayo kwa Toyota ni nyeupe. Logibuku inasema nyeupe. Gari lenyewe ni jeupe. Kwa sisi watu wa programu nyeupe ni #FFFFFF na mjadala umefungwa. Lakini rangi ya 040 ilipochanganywa, ikapakwa kwenye kipande cha bati na kuwekwa kando ya mlango, ilikuwa kama kuweka shati jipya la shule karibu na shati la mwaka juzi. Nyeupe mbili zisizojuana kabisa!

Ili tuelewe kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Zamani za Henry Ford suala hili halikuwepo. Kuanzia 1914 hadi 1925 gari lake la Model T lilitoka kiwandani kwa rangi nyeusi peke yake. Magari ya rangi nyingine yalipakwa rangi za mafuta zilizochukua siku nyingi, hata wiki, kukauka. Mambo yakabadilika kampuni ya DuPont ilipoleta rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, ambayo General Motors waliitumia kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Hiyo ilikauka kwa saa chache na ilikubali rangi nyingi. Hapo ndipo lilipozaliwa swali la mjomba wangu: kama magari yana rangi mia, nikikwaruza langu nitaipata wapi ile ile?

Jibu lilihitaji rangi igeuzwe kuwa namba, na mwaka 1931 ulikuwa mwaka mkubwa katika habari hii. Mwaka huo tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilikutana Cambridge, Uingereza, ikakubaliana juu ya namna ya kueleza rangi yoyote kwa namba tatu, kwa kutumia vipimo vya macho ya watu vilivyofanywa na William David Wright na John Guild. Mwaka huo huo Paul Kubelka na Franz Munk walichapisha hesabu zao kuhusu kinachotokea mwanga unapoingia ndani ya tabaka la rangi: kiasi gani kinamezwa, kiasi gani kinatawanywa, na kiasi gani kinapenya hadi chini na kurudi kikiwa kimebeba rangi ya kilichomo chini. Shika hilo la mwisho, tutalihitaji tukifika Wote.

Arthur Hardy wa MIT naye alibuni mashine ya kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, wimbi kwa wimbi, na General Electric wakaiuza kuanzia miaka ya 1930. Mwaka 1958 Davidson na Hemmendinger wa Marekani walitoa kompyuta iliyoitwa COMIC, yenye kazi moja tu: kumsaidia mchanganyaji kujua atie kiasi gani cha kila rangi ili apate anayoitaka. Haikuwa ya kidijitali. Ilifanya hesabu kwa volti. Mwaka 1976 CIE wakaleta mfumo wa CIELAB, ambao unakuwezesha kuandika umbali kati ya rangi mbili kwa namba moja. Hata ile #FFFFFF yetu ina ukoo huo huo: mfumo wa sRGB, uliopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, umejengwa juu ya kazi ya 1931. Kwa hiyo wewe unayeandika CSS na fundi wa rangi pale Emali mna babu mmoja.

Sasa turudi Ukambani. Gari lina kibati chenye namba, maduka yana mizani na mashine, kwa nini bado rangi haikulingana?

Jibu liko kwenye historia ya matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafiri wa umma, na biashara ikafumuka nchi nzima. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2003, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni zilizotangazwa katika Tangazo la Sheria namba 161. Zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwenye kila kiti, sare kwa dereva na kondakta, na mstari wa manjano kuzunguka gari. Siku za mwanzo watu wengi walitembea kwa miguu kwa sababu matatu nyingi hazikuwa tayari. Mafundi wa rangi nao walipata kazi ya kumwaga, maana kila mwenye gari alitaka mstari, na aliutaka jana.

Ukiliuza gari kwa mtu asiyebeba abiria, mstari lazima uondoke. Njia ya uaminifu ni kuukwangua kwa msasa hadi rangi ya kiwandani, kisha praima, kisha rangi. Njia ya haraka ni kupiga nyeupe juu ya manjano, mara mbili tatu, na kuliacha juani likauke.

Fundi tuliyempelekea gari ni mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa. Hakuangalia kibati. Alichukua msasa laini na maji, akasugua taratibu ukingo wa mkwaruzo hadi matabaka yakajitokeza kama duara za mti: nyeupe, manjano, nyeupe nyingine, praima ya kijivu, bati. Nilisimama pale nikacheka. Zilikuwa kumbukumbu za Git! Kila mwenye gari aliyepita ameacha badiliko lake, na kibati kinakumbuka toleo la kwanza peke yake.

Hapo Kubelka na Munk wakanijia. Ile nyeupe ya juu ilikuwa nyembamba, kwa hiyo mwanga ulipenya, ukagusa manjano, ukarudi na umanjano kidogo. Ndiyo maana gari lilikuwa na nyeupe mbili hata lenyewe kwa lenyewe: kwenye kimo cha mstari wa zamani nyeupe ilikuwa na joto la krimu, juu na chini yake ilikuwa baridi zaidi. Ongeza jua la Makueni, ambalo huifanya nitroselulosi igeuke manjano na uso wa rangi uwe kama chaki. Ongeza vumbi jekundu la miaka ya kabla ya barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo kutiwa lami. Namba 040 itajuaje yote hayo?

Kwa anayekabiliwa na kazi kama hii, nieleze alivyofanya mzee. Kwanza alipiga polishi ya kusugua sehemu ndogo, kuondoa chaki na kuona rangi yenyewe. Ukipima kabla ya hapo unapima uchafu. Pili, alipaka thina kwenye kitambaa na kusugua mahali palipojificha. Rangi ikatoka kitambaani, akajua juu kuna nitroselulosi. Ingekuwa rangi iliyochanganywa na hadina isingetoka kirahisi hivyo. Jambo hili ni muhimu, kwani ukipiga nitroselulosi juu ya rangi ya mafuta, ya chini inaweza kuvimba na kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Tatu, alifungua kifuniko cha tangi la mafuta, tukakipeleka Nairobi kwenye duka lenye spektrofotomita. Mashine ikatoa fomula ya karibu, yenye manjano ya ardhi kidogo na tone la nyeusi.

Karibu, lakini si yenyewe. Chini ya taa ya duka zililingana. Nje, saa sita mchana, zikaachana. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa poda tofauti huweza kufanana chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine. Kwa hiyo mzee alimalizia kwa jicho, akipaka vipande vya bati na kuviangalia juani, kivulini na jioni. Mwisho hakuweka kiraka. Alikwangua mstari wa manjano ubavu mzima, akapiga praima, kisha rangi kutoka nguzo ya mlango hadi nyuma, maana jicho hushika tofauti pale rangi mbili zinapokutana katikati ya bati tambarare. Pembeni linasamehe.

Gharama ilizidi tuliyopanga, na mjomba alinung'unika. Lakini lilipokuja suala la mnunuzi, alifanya jambo nililolipenda: alimwonyesha picha za matabaka kwenye simu yangu na kumweleza kwamba hili lilikuwa matatu, huu ndio mstari, na bati halijawahi kukunjwa. Mnunuzi aliangalia picha muda mrefu kuliko alivyoliangalia gari, kisha akaanza kuzungumza bei.

Haya wasomaji, kama unalo gari lililowahi kuwa matatu, kabla ya kununua kopo la rangi kwa namba ya kibati, sugua kwanza ukingo mmoja uone kilichomo. Na kama fundi wako ana mbinu nyingine ya kulinganisha nyeupe kuukuu, niandikie.