Mbuzi na Kinywa Chake

Mwanafunzi mmoja aliyelelewa mjini, ambaye nazi aliijua ikiwa imekwisha sagwa na kutiwa katika pakiti, aliniuliza darasani kwa nini chombo cha kukunia nazi kikaitwa jina la mnyama. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa jibu nililokuwa nalo, yaani kwamba kibao chenye miguu na chuma kilichochomoza mbele hufanana na mbuzi aliyenyosha shingo, nililipokea kwa wakubwa wangu bila ya kulipima.

Tuanze na jina. Mbuzi ni neno la Kibantu, na ukoo wake umeenea mbali: Waganda husema embuzi, Wazulu imbuzi, Washona mbudzi, Wakikuyu mbũri, na Watswana podi. Ajabu ni kwamba mnyama mwenyewe si wa asili ya Afrika; wazee wake walifugwa kwanza Asia ya Magharibi, yapata miaka 10,000 iliyopita. Farasi alipotufikia alikuja na jina lake la Kiarabu. Mbuzi amekaa na Wabantu muda mrefu hata ugeni wake haukumbukwi.

Basi turudi jikoni. Mnyama akipotea twasema mbuzi huyu amepotea. Chombo kikipotea twasema mbuzi hii imepotea. Kwa tofauti hiyo mtu aweza kudhani kuwa haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati. Sidhani hivyo. Kiswahili humpa mwenye uhai upatanisho wake, na jina likihamia kwenye kitu kisicho na uhai, upatanisho huo huvuliwa. Neno ni moja.

Lakini mfanano uko wapi? Watu wengi wa pwani hukiita chombo kizima kibao cha mbuzi. Ikiwa kibao ni cha mbuzi, mbuzi si kibao. Mbuzi ni kile chuma, nacho hakina miguu wala mgongo. Kina meno. Kwa hiyo naona waliokipa jina hawakutazama umbo la mnyama bali kinywa chake, namna anavyoguguna kidogo kidogo mpaka kifuu kikabaki kitupu. Jibu la wakubwa wangu nimeliacha.

Kinywa hicho hicho chaonekana katika semi. Kumpigia mbuzi gitaa ni usemi wa juzi tu, kama jina la ala linavyoshuhudia: mpigaji hujitahidi, na msikilizaji aendelea kutafuna. Methali isemayo mbuzi hula urefu wa kamba yake ina mambo zaidi. Mtu akiitamka kwa maana ya kuonya, kamba ni mpaka: usitamani majani yaliyo nje ya uwezo wako. Siku hizi, hata hivyo, husikika sana katika habari za rushwa, na hapo kamba imegeuka kuwa kibali: mwenye cheo kirefu ale kirefu, na karani wa mlangoni ale kilicho karibu naye. Hakuna neno hata moja lililobadilishwa. Maana ya kwanza humtazama mbuzi kutoka mkononi mwa mfugaji. Ya pili huyatazama majani kutoka kinywani mwa mbuzi, na mfugaji aliyeipima kamba haonekani tena.