Miguu Mitupu ya Mvita

Mwaka 1331 chombo kilichomchukua msafiri Ibn Battuta kutoka Mogadishu kwenda Kilwa kilitia nanga Mombasa, mji uitwao pia Mvita. Alilala usiku mmoja tu, lakini Mmoroko huyo hakupitwa na jambo dogo. Aliandika kwamba misikiti ya kisiwani ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi mkubwa. Kwamba chakula cha watu kilikuwa zaidi ndizi na samaki. Na kwamba watu wote walikwenda pekupeku.

Akaeleza pia walivyoingia msikitini. Mlangoni palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na chombo cha mbao chenye mpini mwembamba cha kuchotea maji. Aliyefika aliosha miguu, akaisugua kwenye kipande cha mkeka mnene kilichotandikwa pale mlangoni, ndipo akaingia. Wanaosifu siku hizi faida za kutembea bila viatu wangefaidika kuisoma habari hiyo yote. Wao huchukua mguu mtupu, wakasahau kisima na mkeka.

Huko Mogadishu alikotoka, msafiri huyo alikuwa ameona jambo jingine. Sultani alipotoka msikitini alivaa viatu vyake, akawaamuru kadhi na mgeni wavae vyao, na wengine wote wakamfuata pekupeku. Kwa hiyo kiatu kilikuwa kimeshakuwa cheo zamani hizo, na mwambao haukuiacha desturi hiyo. Mwungwana wa Mombasa wa karne ya 19 alitoka na makubadhi ya ngozi, na nyumbani akatembelea mitawanda, viatu vya mbao vinavyoshikwa kwa msuruaki, kijiti kinachobanwa kati ya kidole gumba na cha pili. Mlio wake sakafuni ulitangaza nani anakuja. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu. Mwaka 1875 wamishonari wa Kiingereza walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, kuwa makao ya watumwa waliookolewa. Lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika ukanda huu wa pwani mwaka 1907 tu. Wengi waliokuwa wamezaliwa utumwani walikimbilia viatu. Mtu kuwaambia kwamba kutembea pekupeku ni tiba ingekuwa dhihaka.

Na kweli kulikuwa na mtu aliyekuwa akisema hivyo wakati huohuo, ila mbali sana. Padri Sebastian Kneipp wa Bavaria, Ujerumani, alitoa kitabu chake cha tiba ya maji mwaka 1886, akawashauri watu wavue viatu watembee kwenye majani yenye umande na hata kwenye theluji. Wateja wake walikuwa watu wenye viatu. Mengi yanayosemwa leo kuhusu kukanyaga ardhi ili upate usingizi na damu itulie yana harufu ya mafundisho yake, na ushahidi wa madai hayo bado ni mwembamba.

Wakati Kneipp akipata wafuasi, ardhi ya Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilifika Ambriz, Angola, na ndani ya mchanga wake wa kutuliza chombo mlikuwa na funza, mdudu wa Amerika. Alisafiri na misafara na askari akavuka bara zima, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa ameshafika mwambao wa Bahari ya Hindi. Watu ambao babu zao walikanyaga mchanga bila wasiwasi wakaanza kuchokoana vidole kwa sindano na miiba. Miguu ya Mvita ya mwaka 1331 haikumjua mdudu huyo.

Njia ya safura, ugonjwa wa minyoo, nayo ikafichuliwa miaka hiyohiyo. Arthur Looss, mtaalamu wa Kijerumani aliyefanya kazi Cairo, alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya minyoo, ngozi ikamwasha, na baadaye akakuta mayai ya minyoo hiyo katika choo chake mwenyewe. Ndivyo ilivyojulikana kwamba minyoo ya safura hupenya ngozi, na kwa kawaida hupitia wayo. Lakini mchanga hauwi na minyoo hiyo bila kinyesi cha binadamu. Penye vyoo vizuri, hatari ya kukanyaga chini hupungua sana.

Watafiti waliochunguza funza katika Kaunti ya Kilifi, jirani wa Mombasa upande wa kaskazini, walichapisha matokeo yao mwaka 2017. Walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya maambukizi makali ingeweza kuzuilika kwa kusakafia nyumba na kuosha miguu kwa sabuni kila siku. Viatu peke yake havitoshi, kwa kuwa funza huwapata watu hata ndani, kwenye sakafu ya udongo wanapolala.

Hata hivyo wapenzi wa pekupeku wana hoja moja nzito. Mwaka 2019 jarida la Nature lilitoa utafiti uliolinganisha miguu ya watu wa Kenya na Marekani. Wasiozoea viatu walikuwa na sugu nene zaidi, lakini sugu hizo hazikupunguza hisia za wayo. Mwenye sugu anaikanyaga changarawe bila kuumia na bado anajua amekanyaga nini.

Mgonjwa wa kisukari hana uhakika huo. Ugonjwa huo unaweza kuua mishipa ya fahamu ya miguu, na lami ya Barabara ya Digo mjini Mombasa saa nane mchana ikamchoma mtu asijue mpaka aone lengelenge. Uani mwa msikiti, jua likiwa limepiga sakafu, ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu wagonjwa hao hushauriwa wasitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, waangalie nyayo zao kila siku, na wakishatawadha wakaushe vizuri katikati ya vidole.