Ubao, Irabu na Silabi: Watoto wa Tanga Walivyofundishwa Kusoma

Waandishi wengi wa historia ya elimu Tanzania huanza hesabu yao mwaka 1892, serikali ya Wajerumani ilipofungua shule yake mjini Tanga, na kwa kuanzia hapo huviacha nje vizazi vya watoto wa Tanga, Pangani na miji midogo ya Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili Unguja na Pemba, waliokuwa tayari wakifundishwa kusoma vyuoni. Chuo, kwa maana ya zamani ya pwani, kilikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu au pembe ya msikiti ambapo watoto waliketi mkekani na kusomeshwa Kurani.

Mtoto alianzia kwenye ubao, ambao mwalimu aliuandika kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, na somo lilipokwisha kuingia kichwani ubao ulioshwa ukaandikwa somo jingine. Kwanza alijifunza majina ya herufi, alifu, bee, tee, kisha irabu, yaani alama ndogo zinazowekwa juu au chini ya herufi ili kuonyesha sauti inayoifuata: bee yenye fataha husomwa ba, yenye kasra husomwa bi, yenye dhuma husomwa bu. Watoto waliyaimba hayo kwa pamoja, wakubwa wakiwaongoza wadogo, mpaka walipoweza kuingia juzuu ya Amma, ambayo ni sehemu ya mwisho ya Kurani yenye sura fupi fupi. Hii ilikuwa njia kamili ya kufundisha kusoma kwa kuunganisha herufi na sauti, na si haki kuiita kukariri tu, kama ilivyozoeleka. Lakini maneno yaliyosomwa yalikuwa ya Kiarabu, na mtoto aliweza kumaliza ukurasa bila kosa pasipo kujua umesema nini.

Kuzihamishia herufi hizo kwenye Kiswahili hakukuwa kazi nyepesi. Kiarabu kina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano, na sauti kama p, g na ch hazina herufi zake katika Kiarabu cha Kurani. Mwandishi asiyeongeza alama zake mwenyewe aliandika kuku na koko kwa namna moja, na pata akaiandika kama bata. Mtu mzima aliyezoea barua na tenzi alitambua neno kwa maana ya sentensi nzima, jambo ambalo mtoto anayeanza haliwezi. Na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya Kiswahili kutokuwa lugha ya somo la kwanza chuoni, ingawa heshima ya Kurani peke yake ingetosha.

Wamisionari wa Kianglikana waliokuwa Magila, karibu na Muheza, walitumia tahajia ya herufi za Kilatini iliyofuata kazi ya Askofu Edward Steere wa Unguja, ambayo kila irabu ndani yake ina herufi moja na sauti moja. Kwa kuwa silabi, yaani sehemu ya neno itamkwayo kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida huishia kwa irabu katika Kiswahili, mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu anaweza kulisoma neno la lugha yake na kulielewa papo hapo. Shule ya serikali ya Tanga, iliyohitaji makarani na walimu wa kupeleka vijijini, ilieneza herufi hizo hizo, na gazeti la Kiongozi, lililochapwa Tanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1916, liliwapa wahitimu kitu cha kusoma baada ya kutoka darasani, hitaji ambalo mipango mingi iliyofuata ililisahau.

Enzi ya Waingereza haikubadili sana mbinu za darasa la kwanza, na upanuzi wa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977 uliongeza wanafunzi kuliko walimu. Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, ulisisitiza tena sauti ya herufi kabla ya silabi na neno. Watoto wengi wa Tanga bado huenda shule asubuhi na madrasa alasiri, huku wakisoma kutoka kushoto na kule kutoka kulia, na walimu wa pande hizo mbili, ambao kazi yao kwa sehemu kubwa ni moja, ni nadra kukaa pamoja kulinganisha masomo yao.